Felix Bloch: Mkimbizi aliyefumbua siri ya chembe kutulia ndani ya sumaku

WAHENGA walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ya mabaharia ilitungiwa wanadamu, lakini hutimia pia ndani ya vitu vidogo kabisa tusivyoweza kuviona kwa macho, yaani chembe zinazounda atomu.

Chembe hizo zikiwekwa ndani ya sumaku kisha zikasukumwa kidogo kutoka katika hali yake ya utulivu, hatimaye hurejea zilikotoka. Swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi lilikuwa moja: hurejea baada ya muda gani, na ni kitu gani kinachozirejesha?

Aliyelipa swali hilo sura ya kihesabu ambayo hutumika hadi leo ni Felix Bloch, mwanafizikia mzaliwa wa Uswisi aliyeaga dunia mnamo 1983. Wengi hawalijui jina lake. Hata hivyo, mgonjwa anayelazwa ndani ya mashine ya MRI jijini Nairobi, Mombasa au Eldoret hupimwa kwa kutumia hesabu alizoziandika mtu huyo mnamo 1946.

Maisha yake yenyewe yalikuwa ya kusukumwa huku na kule. Alifukuzwa na siasa za chuki, akavuka bahari, akaanza upya ugenini, na mwishowe akarudi kufia katika mji ule ule alimozaliwa.

Mtoto wa mfanyabiashara

Bloch alizaliwa Oktoba 23, 1905 mjini Zürich, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Gustav, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Utoto wake uliingiwa na simanzi mapema, kwani dada yake alifariki akiwa na umri wa miaka 12 tu. Msiba huo ulimwathiri mno kijana huyo aliyekuwa mpole na mwenye haya.

Alipata faraja katika mambo matatu ambayo hakuyaacha maisha yake yote: hesabu, muziki wa piano na milima ya nchi yake.

Mnamo 1924 alijiunga na taasisi maarufu ya teknolojia mjini Zürich, ile ile alikosomea Albert Einstein. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwa mhandisi, taaluma ambayo ingemhakikishia mkate wake wa kila siku. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja aliiacha na kugeukia fizikia, somo ambalo wakati huo halikuwa na ajira nyingi.

Bahati ilimwangukia. Kijana huyo alikuwa miongoni mwa waliohudhuria vikao vya wanafizikia mjini humo wakati Erwin Schrödinger alipoeleza kwa mara ya kwanza mlinganyo wake kuhusu mawimbi ya elektroni, mnamo 1926. Fizikia nzima ilikuwa ikijengwa upya, naye Bloch alikuwa ameketi ukumbini akisikiliza.

Kitendawili cha waya wa shaba

Mwaka wa 1927 alielekea Leipzig, Ujerumani, akawa mwanafunzi wa kwanza wa shahada ya uzamifu chini ya Werner Heisenberg. Mwalimu huyo alikuwa na umri wa miaka 25 tu, naye mwanafunzi alikuwa na miaka 22.

Kitendawili alichokabidhiwa Bloch kilihusu elektroni ndani ya chuma. Waya wa shaba umejaa atomu zilizopangwa safu kwa safu, zimebanana kama mahindi kwenye gunzi. Elektroni hupenyaje katikati ya msongamano huo bila kugongana na kila atomu iliyo njiani?

Jibu lake lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Kwa kuwa elektroni ina tabia ya wimbi, mpangilio wa atomu uliokamilika haumzuii msafiri huyo hata kidogo. Kinachozuia ni kasoro: atomu ngeni iliyojipenyeza, au mtikisiko wa atomu zinazocheza-cheza kwa sababu ya joto.

Tasnifu hiyo ya 1928 ndiyo msingi wa elimu yote ya vifaa vya kielektroniki. Simu za mkononi, redio na kompyuta za leo zisingeeleweka bila hayo mawimbi ya Bloch. Fauka ya hayo, somo hilo la pili, kwamba kasoro na mtikisiko ndivyo vinavyovuruga mwendo wa chembe, lingemrudia baadaye kwa sura nyingine.

Miaka iliyofuata aliitumia kujifunza kwa magwiji wa Ulaya. Alikuwa msaidizi wa Wolfgang Pauli mjini Zürich, akafanya kazi Uholanzi pamoja na Hendrik Kramers, akaenda Copenhagen kwa Niels Bohr, kisha akarejea Leipzig kufundisha. Katika kipindi hicho aliandika kazi muhimu kuhusu usumaku wa chuma, zikiwemo kanuni zinazoeleza jinsi joto linavyoudhoofisha usumaku huo.

Mlango wafungwa

Mnamo Januari 1933, Adolf Hitler alitwaa mamlaka nchini Ujerumani. Miezi michache baadaye ilipitishwa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika ajira za umma, vikiwemo vyuo vikuu.

Bloch hakusubiri kuambiwa aondoke. Aliihama Leipzig mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 27, akiacha kazi, marafiki na matumaini aliyokuwa ameyajenga kwa miaka sita. Alitangatanga baina ya Zürich, Paris, Copenhagen na Roma, ambako alipokewa na Enrico Fermi.

Kuvunjika kwa koleo, hata hivyo, si mwisho wa uhunzi. Chuo Kikuu cha Stanford katika jimbo la California, Marekani, kilimwalika aende kufundisha. Wakati huo Stanford haikuwa na sifa kubwa katika fizikia, na kwa mtu aliyezoea kukaa meza moja na Bohr na Heisenberg, hiyo ilikuwa sawa na kupelekwa pembezoni mwa dunia.

Aliwasili huko mnamo 1934. Badala ya kulalamikia upweke, alitafuta wenzake. Katika mji jirani wa Berkeley alikuwako Robert Oppenheimer, na wawili hao wakaanzisha vikao vya pamoja vya wanafizikia wa vyuo hivyo viwili.

Mnamo 1939 alipata uraia wa Marekani. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Lore Misch, mwanafizikia ambaye pia alikuwa ameikimbia Ujerumani. Walijaliwa watoto wanne.

Sumaku ndani ya chembe

Ili kuelewa kazi iliyompa umaarufu, ni sharti kwanza msomaji afahamu jambo moja kuhusu maumbile. Elektroni, protoni na nyutroni zote zina sifa ya asili iitwayo spini. Sifa hiyo hufanana na kuzunguka, ingawa si mzunguko halisi kama wa gurudumu. Kutokana nayo, kila chembe huwa sumaku ndogo mno.

Chembe hiyo ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku kubwa, haitulii tu kama sindano ya dira. Huyumba kwa mviringo, mithili ya pia wanayoichezea watoto uwanjani inapoanza kuinama huku ikizunguka.

Kasi ya kuyumba huko hutegemea nguvu ya sumaku. Katika uga wa tesla moja, protoni huyumba takriban mara milioni 42.6 kwa sekunde. Elektroni, ambayo usumaku wake ni takriban mara 658 ya ule wa protoni, huyumba mara bilioni 28 kwa sekunde moja.

Tangu 1936, Bloch alikuwa akiwaza namna ya kupima usumaku wa nyutroni. Wengi walishangaa kuwa chembe isiyo na chaji ya umeme inaweza kuwa sumaku. Alipendekeza zipitishwe ndani ya chuma chenye usumaku ili zichujwe kulingana na mwelekeo wa spini zake.

Akishirikiana na Luis Alvarez wa Berkeley, alifanikiwa kupima usumaku huo kwa usahihi wa takriban asilimia moja, na matokeo yakachapishwa 1940. Mtu aliyekuwa amezoea kalamu na karatasi alikuwa sasa ameingia maabarani kwa miguu yote miwili.

Vita na mawimbi ya redio

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa raia wa Marekani. Alishiriki kwa muda katika mradi wa bomu la atomiki huko Los Alamos, lakini hakukaa sana. Alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye maabara iliyotafuta mbinu za kuzihadaa rada za adui.

Kwa mwanafizikia wa nadharia, kazi hiyo ya nyaya, antena na vipokezi ingeweza kuonekana kama kupotezewa wakati. Kumbe ilikuwa shule. Huko alijifunza jinsi ishara hafifu ya redio inavyoweza kunaswa katikati ya makelele mengi.

Ndipo wazo likamjia. Ikiwa protoni huyumba mara mamilioni kwa sekunde, basi huko kuyumba ni ndani ya masafa ya redio. Iwapo protoni nyingi ndani ya maji zingeyumba kwa pamoja, usumaku wake ungezunguka kama sumaku moja, na waya uliosokotwa kuzunguka chupa ya maji ungepata umeme kidogo. Mtu angeweza kuisikia atomu kama anavyoisikia stesheni ya redio.

Si yeye wa kwanza kujaribu njia inayokaribiana na hiyo. Isidor Rabi wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa amepima usumaku wa viini vya atomu mnamo 1938, lakini kwa kuzirusha chembe ndani ya ombwe. Mholanzi Cornelis Gorter alijaribu kuupata mwitiko wa viini ndani ya vitu vigumu mnamo 1936, na tena 1942. Mara zote mbili aliambulia patupu.

Nako mjini Kazan, katika Muungano wa Kisovieti, Yevgeny Zavoisky alifanikiwa mnamo 1944 kunasa mwitiko wa aina hiyo wa spini za elektroni ndani ya chumvi zenye usumaku. Ilikuwa vita, na habari kutoka huko hazikusafiri kwa wepesi.

Hofu ya muda

Kwa nini Gorter alishindwa? Jibu limo katika muda wa kutulia, na hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kwa Bloch pia.

Chembe zinapoingizwa katika sumaku hazipangiki mara moja. Joto huzivuruga, zikaelekea kila upande. Hata zinapotulia, ziada ya zile zinazoufuata uga ni ndogo ajabu. Kwa protoni katika uga wa tesla moja na joto la kawaida, ziada hiyo ni takriban chembe tatu tu katika kila milioni. Ishara yote hutokana na hao wachache.

Ili ziada hiyo ipatikane, ni lazima chembe zitoe nishati yake kwa mazingira. Bila mazingira kuipokea nishati hiyo, hakuna kutulia. Katika fuwele safi mno, kama zile alizotumia Gorter, hakuna cha kuipokea upesi. Chembe huchukua muda mrefu kupita kiasi, mtafiti akadhani hakuna kitu.

Bloch hakujua muda huo ungekuwa kiasi gani ndani ya maji. Huenda ungekuwa sekunde, na huenda ungekuwa saa nyingi. Iwapo ungekuwa mrefu sana, jaribio lingeshindwa hata kama nadharia yake ilikuwa sahihi kabisa, naye asingejua kosa limo wapi.

Alitafuta dawa. Aliyeyusha ndani ya maji chumvi ya madini ya chuma, ambayo atomu zake zina elektroni zenye usumaku. Kwa kuwa sumaku ya elektroni ina nguvu mara mamia kuliko ya protoni, elektroni hizo zilizotapakaa majini huzitikisa protoni zinazopita karibu na kuziwahisha kutulia. Usumaku wa elektroni ukawa mkunga wa ishara ya protoni.

Mnamo Januari 1946, akiwa Stanford pamoja na William Hansen na Martin Packard, ishara waliyokuwa wakiisubiri ilijitokeza. Wiki chache tu kabla ya hapo, Desemba 1945, kikundi cha Edward Purcell huko Harvard kilikuwa kimepata mwitiko uo huo ndani ya nta. Vikundi hivyo viwili havikuwa na habari ya kila kimoja kufanya kazi hiyo, tena vilitumia njia tofauti. Purcell alipima nishati iliyofyonzwa, Bloch alinasa umeme ulioamshwa katika waya.

Nyakati mbili

Mwaka huo huo Bloch alichapisha milinganyo inayobeba jina lake. Ndani yake kuna nyakati mbili, ambazo wataalamu kote duniani huziita T1 na T2.

T1 ni muda wa kurejea ngamani. Hupima jinsi usumaku ulioondolewa katika mwelekeo wa uga unavyojengeka tena. Kwa usahihi zaidi, ni muda unaohitajika ili urejee kwa takriban asilimia 63. Katika maji safi, muda huo ni sekunde chache.

T2 ni jambo jingine kabisa. Tuchukue mfano wa wanafunzi wanaopiga gwaride uwanjani siku ya sherehe za Madaraka. Kengele inapolia, wote huanza kwa mguu mmoja. Lakini tuseme kila mmoja anasikia ngoma yake mwenyewe, moja ikiwa na kasi kidogo kuliko nyingine. Baada ya muda, mguu wa huyu uko juu ilhali wa yule uko chini, na ukiwatazama kutoka jukwaani huoni tena gwaride bali fujo.

Hakuna aliyechoka wala aliyeketi. Wote wangali wanatembea. Kilichopotea ni umoja wa hatua. Ndivyo zinavyofanya spini: kila moja huhisi uga tofauti kidogo kwa sababu ya majirani zake, zikaachana hatua, na ishara ikafifia ingawa nishati haijatoka. T2 ni muda ambao ishara hiyo hupungua hadi takriban asilimia 37.

Kutenganisha mambo hayo mawili ndiko kulikokuwa ustadi wa Bloch. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kudhani kuwa ishara ikinyamaza, chembe zimetulia. Yeye alionyesha kuwa kunyamaza ni jambo moja na kutulia ni jingine.

Uthibitisho wa ajabu ulitolewa na kijana Erwin Hahn, mnamo 1950. Aligundua kuwa sehemu ya fujo hiyo, ile inayotokana na kasoro za sumaku yenyewe, inaweza kufutwa. Ni kama kiongozi wa gwaride apaaze sauti ghafla kuwaamuru wote wageuke nyuma. Waliokuwa wametangulia sasa wako mwisho, na kwa kuwa wana kasi zaidi, wote hufika pale walipoanzia kwa wakati mmoja. Ishara iliyokufa hufufuka, kama mwangwi. Muda si mrefu Hahn alijiunga na Bloch huko Stanford.

Milinganyo hiyo haikubagua chembe. Inazieleza elektroni kama inavyozieleza protoni, tofauti ikiwa ni kasi. Elektroni, kwa kuwa sumaku yake ni kali, huguswa upesi na kila mtikisiko. Ndani ya vitu vingi, katika joto la kawaida, spini zake hutulia au kuachana hatua ndani ya sehemu ya milioni au hata ya bilioni ya sekunde.

Kinachozivuruga ni yale yale aliyoyaona Bloch akiwa kijana Leipzig: mtikisiko wa atomu na kasoro za fuwele. Ndiyo maana watafiti hupoza vifaa vyao na kusafisha fuwele zao. Mnamo 2012, ndani ya silikoni iliyosafishwa mno na kupozwa sana, watafiti walitangaza kuwa umoja wa hatua wa spini za elektroni ulidumu kwa zaidi ya sekunde moja. Kwa elektroni, huo ni umri mrefu ajabu.

Chanda chema

Chanda chema huvikwa pete. Mnamo 1952, Bloch na Purcell walituzwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Bloch akawa mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo katika historia ya Stanford, kile chuo kilichokuwa pembezoni alipofika humo akiwa mkimbizi.

Furaha hiyo ilikuwa na doa. Hansen, aliyebuni sehemu kubwa ya vifaa vya redio vya jaribio lile, alikuwa amefariki mnamo 1949 akiwa na umri wa miaka 39. Nobel haiwaendei marehemu.

Wakati huo huo, njia waliyoianzisha ilikuwa imeanza kuzaa matunda wasiyoyatarajia. Watafiti wa Stanford waligundua kuwa protoni za sehemu mbalimbali za molekuli moja huyumba kwa kasi zinazotofautiana kidogo. Mnamo 1951 walionyesha makundi matatu ya protoni ndani ya alkoholi ya kawaida. Tangu hapo wanakemia wakapata chombo cha kutambua umbo la molekuli, kuanzia dawa hadi sumu.

Mnamo 1954, mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yameungana kuanzisha kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN, mjini Geneva, yalimwomba Bloch awe mkurugenzi mkuu wa kwanza. Kwa mtu aliyeondoka Ulaya kwa sababu ya chuki, huo ulikuwa mwito mzito: kurudi katika bara lililojeruhiwa na kusaidia mataifa yaliyopigana jana yafanye kazi pamoja leo.

Alikubali, lakini makaratasi na mikutano isiyokwisha havikuwa hulka yake. Mnamo 1955 alijiuzulu na kurejea Stanford kufundisha na kutafiti. Wapo wanaoweza kuona hilo kama udhaifu. Wengine wataona ni uaminifu wa mtu anayejua kipaji chake kiko wapi na asiyeng'ang'ania kiti.

Aliendelea kuiboresha nadharia ya kutulia kwa spini katika miaka ya 1950, akaongoza Chama cha Wanafizikia cha Marekani mnamo 1965, na kustaafu ualimu mnamo 1971.

Urithi wake hospitalini

Mwaka huo wa 1971, daktari Raymond Damadian alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa T1 na T2 za uvimbe wa saratani katika panya zilikuwa ndefu kuliko za nyama yenye afya. Miaka miwili baadaye Paul Lauterbur alionyesha jinsi ishara hizo zinavyoweza kuchorwa kuwa picha. Lauterbur na Mwingereza Peter Mansfield walitunukiwa Nobel ya tiba mnamo 2003.

Daktari anayesoma picha za MRI leo huzungumzia picha za T1 na picha za T2 bila kumtaja Bloch. Katika zile za T1, mafuta hung'aa kwa kuwa hutulia upesi, nayo majimaji huwa meusi. Katika zile za T2 mambo hugeuka, majimaji yakang'aa kwa kuwa spini zake hukaa kwa muda mrefu bila kuachana hatua. Uvimbe uliojaa maji ubongoni hujifichua kwa njia hiyo, bila kisu wala eksirei.

Wakati mwingine mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadolini ili picha ionekane vyema. Madini hayo yana elektroni saba zenye usumaku, ambazo huziharakisha protoni zilizo karibu kutulia. Ni hila ile ile ya chumvi ya chuma ndani ya maji ya Bloch, sasa ikiwa mishipani mwa mwanadamu.

Wanaojaribu kuunda kompyuta za kwanta nao hupima ubora wa vifaa vyao kwa herufi hizo hizo mbili. Kompyuta ya aina hiyo huweza kufanya hesabu kabla tu ya hatua kuachana, na kwa hivyo kila mafanikio yao ni mapambano ya kuirefusha T2.

Bloch hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Alifariki Septemba 10, 1983, akiwa na umri wa miaka 77, mjini Zürich.

Nusu karne ilikuwa imepita tangu asukumwe kutoka Leipzig. Alikuwa amepita Paris, Copenhagen, Roma, California na Geneva. Kama zile chembe alizozipima, naye mwishowe alirudi ngamani.